Oya, Mbona Unanunua Ulichokalia?

Desemba iliyopita nilikuwa Mbamba Bay, Ziwa Nyasa. Jua la saa nane, mchanga unaunguza nyayo, ziwa limetulia kama limemeza panadol. Nimekaa chini ya mwembe. Sio mwembe wa mapambo, mwanangu. Mwembe kweli, mzee kuliko babu, umezaa mpaka matawi yanapiga magoti. Maembe yamedondoka, yametapakaa, yameoza, nzi wanakula bata bila kiingilio. Kuna mbuzi pale ameshiba embe mpaka anayaangalia tu, kama mtu aliyetoka harusini.

Na mimi mkononi nimeshika nini? Juisi ya boksi. Ladha ya embe.

Buku jero. Na mrija wake umebandikwa ubavuni. Ile juisi imetoka Dar, imekula zaidi ya kilomita elfu moja juu ya lori, imepita Songea, imekatiza Mbinga, imeshuka kona zote za mlimani hadi ziwani, ili mimi niinywe nikiwa nimeegemea mwembe wenyewe. Mbuzi akanicheki. Nikamcheki. Nakuapia, yule mbuzi alinidharau.

Unajua hili neno "kuishi kijani" lilivyochakazwa. Ukilisikia tu unaona semina. Posho, chupa za maji mezani, fulana nyeupe yenye mti kifuani, mgeni rasmi anapanda mche mmoja, picha hamsini. Mche unakufa Jumanne. Mimi siko huko, mzazi. Mimi naongelea mkwanja. Huku kwetu ugonjwa ni mmoja: tunanunua tulichokalia. Tumekalia embe, tunanunua boksi. Halafu tarehe kumi na tano tumefulia, tunalaumu serikali, Marekani na nyota zetu. Binamu yangu yupo Nairobi; yeye akifulia anasema "nimesota". Lugha tofauti, mfuko uleule umetoboka.

Kwa hiyo leo tunapiga stori za kubana. Sio ubahili, tuelewane. Ubahili ni fani ya babu yangu. Babu anazima redio dakika ya themanini na tisa, Simba na Yanga wako moja moja, "betri ipumzike". Sisi tunabana kwa swaga. Sharti langu ni moja tu: babu asisome hii. Utaelewa huko mbele.

Tuanze na kahawa, maana hii ni aibu ya wilaya nzima. Mbinga. Arabika. Mibuni imeshika hii milima tangu miaka ya 1920, enzi za Mwingereza. Kiwanda cha kukoboa kipo mjini hapahapa. Msimu ukifungua, kuanzia kama Juni, mji unabadilika harufu na tabia. Watu wanaoa, watu wananunua pikipiki, watu wananunua sabufa, wengine vyote vitatu wiki moja. Sasa nenda nyumbani kwa mwenye miche elfu mbili, umpigie hodi asubuhi ya Julai, baridi inakata masikio, useme naomba kahawa. Unaletewa kopo. Kahawa ya unga. Ya Bukoba!

Bukoba, mwanangu. Kule kwenye kiwanda cha TANICA, Ziwa Victoria, kona ya pili ya nchi. Mkulima wa Mbinga anavuna, anauza, halafu anatuma hela Kagera ili wamrudishie kikombe. Na wale wa Bukoba sio wajinga, wanakunywa yao. Wajinga tuko huku.

Jaribu hivi. Bakiza debe moja la kwenu kabla halijapelekwa AMCOS. Twanga ganda litoke, pepeta. Kaanga kwenye sufuria chakavu, moto wa wastani, unakoroga muda wote kama unasonga ugali wa wakwe. Itapasuka pa pa pa, itakuwa rangi ya viatu vya mwalimu mkuu, ipua. Twanga tena, chemsha. Majirani wote watanusa, watajifanya wamekuja kuazima chumvi. Hiyo kitu kule Masaki inauzwa elfu tano kikombe kwenda juu, na juu yake wamekuchorea moyo kwa maziwa. Wewe moyo unao bure. Machicha usimwage kwenye sinki. Sinki lenyewe huna, lakini hata ungekuwa nalo. Peleka kwenye shina la mgomba.

Hiyo imeisha. Twende kwenye vita.

Geto langu liko Mbinga mjini. Nyumba ya kupanga, vyumba saba, wapangaji saba, mita ya LUKU moja. Ukisikia hivyo tu, kama umewahi kupanga, moyo unaanza kwenda mbio. Uniti zinakatika saa tatu usiku, giza totoro, kila mtu amejifanya amelala. Hakuna anayekohoa. Anayekohoa ndiye atakayetumwa kwenda kununua.

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa taa ya korido. Nani ameiacha? Mama mwenye nyumba anakuja saa kumi na mbili asubuhi amefunga kanga kifuani, anahubiri: taa ya korido! Na chaja za simu! Babu naye ana hiyo falsafa. Akija mjini analala kwangu, anachomoa kila kitu, mpaka waya wa redio isiyofanya kazi. Chaja, anasema, inanyonya umeme hata ukiwa umelala. Inanyonya, kama kupe.

Siku moja nikachoka, nikashika kalamu. Ukisema umeme umeisha bila kupiga hesabu, hiyo ni ramli. Taa ya LED ya wati tisa, ukiiwasha kwa saa tano kila usiku, mwezi mzima inakula uniti moja na kidogo. Simu ukiichaji kila siku, mwezi mzima haifikishi hata uniti moja. Ila kulikuwa na mshikaji chumba namba nne, simtaji. Ana hita. Ile ya kuzamisha kwenye ndoo, waya uliojikunja kama utumbo. Wati elfu moja na mia tano. Anaizamisha, anaenda kuongea na manzi wake kwenye simu, anarudi baada ya saa nzima, maji yanatokota, anaongeza ya baridi. Saa moja ya hita ni uniti moja na nusu. Yaani jamaa akioga mara moja, anakuwa ameunguza taa ya korido ya mwezi mzima. Na Julai alikuwa anaoga mara mbili kwa siku. Msafi kinoma. Tulikuwa tunamlipia usafi.

Sasa sikia mchezo wenyewe, maana wengi wanapigwa hapa na hawajui. Kwa bei za EWURA za tangu 2016, mteja mdogo wa nyumbani anayekaa ndani ya uniti 75 kwa mwezi anachajiwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na makato. Akivuka 75, kila uniti inayozidi ni 350. Nyumba iliyozoea kuvuka inawekwa kundi kubwa, uniti shilingi 292 toka ya kwanza, kabla ya makato. Umeona? Karibu mara tatu. Tukiwa saba kwenye mita moja, hata kila mtu akiishi kama mtawa, uniti kumi na tano kumi na tano, ni 105. Tumevuka bila hata hita. Umaskini wetu unahesabiwa kwa pamoja, kwa hiyo tunaonekana matajiri. Na juu yake kodi ya jengo, shilingi 1,500 kila mwezi, inakatwa hukohuko kwenye LUKU. Jengo la mama. Uniti zetu.

Tulichofanya: kila chumba kikafungwa mita ndogo ya ndani, fundi mmoja, tukachangishana. Haikushusha bei ya TANESCO hata senti moja. Ilichofanya ni kumfanya kila mtu auone uso wake kwenye kioo. Wiki ya kwanza namba nne alikuwa peke yake amekula kuliko sisi sita. Wiki ya pili hita ikapotea kimyakimya. Wiki ya tatu mshikaji akahama, akasema nyumba ina majungu.

Kuoga sasa. Unaniuliza Julai ya Mbinga unaogaje? Chukua dumu, lipake rangi nyeusi, liweke juani toka asubuhi ukutani pale upepo haupiti. Saa tisa alasiri maji yamevunja ubaridi. Sio ya moto, usinidanganyie watu, ila hayakuui. Au bandika sufuria kwenye makaa yanayofifia baada ya kupika. Yale makaa umeshayalipia. Na tafadhali, kuna masela wameacha kuoga kabisa wanasema "tunatunza vyanzo vya maji". Acheni. Tunawanusa.

Halafu kabla hujaniringia kofia yako ya kijani, nikukumbushe kitu. Masista Wabenediktini wa Chipole wana mtambo wao wa maji, Tulila, Mto Ruvuma. Megawati tano. Tangu 2015. Kipindi sisi huku mkoani tulikuwa bado tunaungwa na majenereta ya dizeli, kabla laini ya Makambako hadi Songea haijakamilika 2018, masista wanasali, wanafuga, wanazalisha umeme na kuiuzia TANESCO. Sista ana megawati, mwanangu. Wewe una hashitagi.

Jikoni. Hapa ndipo hela inapoenda na moshi, na sisemi kwa mafumbo. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia Mei 2024, lengo ni asilimia themanini ya Watanzania wafike huko 2034. Freshi. Ila 2034 bado, na njaa ni leo jioni. Kitaa chetu wengi bado ni mkaa wa kupimiwa kwenye kopo, na mkaa wa kopo ndio mkaa ghali kuliko wote duniani. Mwenye hela ananunua gunia, mara moja, bei ya kueleweka. Sisi tunanunua kopo kila siku na mwisho wa mwezi tumeshanunua magunia mawili. Laifu la kopo kopo ni la kishua bila kujijua.

Adui namba moja kwenye jiko ni maharage. Tunayapenda, tunayalima, Mbinga bila maharage ni Songea tu. Ila watu wanayabandika makavu! Huku juu milimani maji yanachemka mapema kabla hayajapata moto wa kutosha, kwa hiyo maharage yanakaa jikoni kuliko kule ziwani. Unabandika saa nane, saa moja usiku bado yanagonga meno. Loweka, mzazi. Toka jana usiku. Maji bure, usiku bure. Asubuhi mwaga yale maji, bandika mapya, funika, muda unapungua vibaya mno. Bi mkubwa alikuwa ananiambia hivyo toka niko darasa la tatu, nikawa naona ni mambo ya kizamani. Nimekuja kuambiwa na kijana wa TikTok mwenye aproni, nikaamini papo hapo.

Mtungi mdogo wa gesi, kilo sita, ninao. Ila nauheshimu. Chai, mayai, kupasha kiporo. Mtu anayechemsha maharage makavu kwenye gesi anatakiwa apimwe. Na kwa vile malori ya makaa ya mawe ya Ngaka yanapita wilayani kwetu kila siku, kuna mshikaji alipata wazo. Akaokota bonge lililodondoka barabarani, akaja kuliwasha geto kwenye jiko la mkaa. "Tumekalia makaa, bro, wewe si ndiye uliyesema!" Ndani ya dakika tano geto lilikuwa kama tumbo la treni. Kichwa kilimuuma siku mbili. Kwa hiyo narekebisha: sio kila ulichokalia ukiwashe moto.

Kitu kilichonibeba mimi ni sengu. Usicheke. Wamatengo wa zamani, wazee wetu wa hii milima, walikuwa na sengu: ukoo unakusanyika kwa mzee, chakula kinaletwa pamoja, mnakula mnaongea, kesi zinakatwa palepale, mtoto mvivu anasemwa mbele ya ugali. Babu akianza kuisimulia anachukua saa mbili na lazima alie kidogo. Sisi tumechukua wazo, tumeacha kilio. Masela watano, jiko moja, sufuria moja kubwa, kila mtu jero ya mkaa na jero ya mboga. Zamani kila jioni kwenye ule uwanja majiko matano yalikuwa yanawaka milangoni, kila moja na kisufuria chake cha mtu mmoja kama sadaka. Sasa linawaka moja. Sheria mbili tu: anayechelewa anaosha sufuria, na simu haziwekwi karibu na mchuzi. Kesi pia tunakata. Ile ya namba nne ilikatwa hapo.

Mboga za majani usiniambie unanunua. Matembele ni kipande cha shina la kiazi, unachomeka ardhini, unaondoka, unasahau, linakusubiri. Chainizi na figiri unaweka kwenye kiroba cha udongo nyuma ya geto. Kiroba cha mfuko namaanisha, sio kile cha pombe. Kile kilipigwa marufuku Machi 2017 na bado kuna mabraza wanakiongelea kama mchumba aliyefariki.

Sasa sehemu ambayo babu asisome. Hakikisha hayupo karibu.

Umewahi kuangalia mashamba ya ngoro vizuri? Nauliza kama mtu wa huku. Toka utotoni unayaona yale mashimo mlimani, mstari kwa mstari, kama trei ya mayai iliyoegemezwa ukutani. Mimi nilikuwa naona mateso tu. Likizo unapelekwa Litembo kwa babu, badala ya kuuza sura stendi uko mlimani unakata majani. Majani yanalazwa kwa misalaba, mistari inakatana, panabaki viboksi. Halafu udongo unachimbwa katikati ya kiboksi unafunika majani, ndio matuta. Shimo linabaki. Mvua ikija inajikuta imeingia mtegoni: maji hayashuki na udongo, yanakaa shimoni. Majani yanaoza chini ya tuta, yanakuwa mbolea. Maharage kwanza, mahindi yanafuata, halafu mashimo yanahamishwa palipokuwa na tuta. Mlima wenyewe umesimama kiasi kwamba ukiangusha kiazi unakikuta kwa jirani.

Wazee wanasema tulibanwa huku juu Wangoni walipokuwa wanatutembezea kipigo karne ya kumi na tisa. Watani zetu wale, wakanushe wenyewe. Tukakosa ardhi tambarare, tukauvaa mlima. Na miaka ya 1990 wasomi wa SUA kule Morogoro wakishirikiana na Wajapani wakaja kuchunguza haya mashimo. Mjapani kapanda ndege, kabadilisha ndege, kala vumbi la Songea, kafika, kapiga magoti kwenye shimo la ngoro na daftari, anaandika. Mimi mjukuu, shimo liko nyuma ya nyumba, nalikimbia.

Kwa hiyo huyo mzee anayezima redio dakika ya themanini na tisa analima mteremko ambao mtaalamu wa mjini angesema usiguswe, na udongo wake uko palepale. Mbolea ya dukani, hata baada ya ruzuku kurudi 2022, bado ni ya kununua. Majani ya babu hayana risiti. Nakubali. Nimesema mara moja na sitarudia. Kwenye chaja bado amepotea.

Tuongee pamba, maana kuna watu wanaona kubana ni kuvaa vibaya. Hela ya kahawa ikitoka, vijana wanakimbilia "mpya". Jezi feki elfu kumi na tano, ukiifua mara mbili namba ya mgongoni inahama, umeingia kama tisa unatoka kama sita. Raba mpya zinaachama mdomo wiki ya tatu. Wakati gulioni kuna shati la mtumba, pamba tupu, mshono wa maana, buku mbili, umelipigania na mama mmoja mwenye kiwiko kama nyundo. Peleka kwa fundi cherehani apunguze mbavu, buku nyingine. Unapita watu wanauliza umeagiza wapi. Unasema Dubai. Hiyo ndiyo siri ya familia.

Na kama unaona mtumba ni unyonge, nikupe historia ya pale Liuli, ufukweni mwa ziwa letu. Enzi za Mjerumani pakiitwa Sphinxhafen. Agosti 1914 meli ya Mjerumani, Hermann von Wissmann, imepandishwa nchi kavu inatengenezwa, mara boti ya Mwingereza, Gwendolen, ikatokea na kuipiga mzinga. Mjerumani hata taarifa ya vita hakuwa nayo. Baadaye Mwingereza akaichukua ileile meli, akaikarabati, akaibadilisha jina ikawa King George V. Umeelewa? Dola nzima ya Mwingereza, ziwa hilihili, ilivaa mtumba. Ikabadilisha lebo tu. Wewe ni nani?

Simu nitapita haraka kwa sababu inaniuma. Macho matatu ya kukopa, kwa mkopo wa kausha damu, wakati ile ya zamani ilikuwa inahitaji betri tu. Nimelipa miezi minane. Kamera inapiga picha nzuri sana za mtu aliyefulia.

Boda ya buku kutoka stendi hadi sokoni: una miguu.

Turudi ziwani tumalize. Dagaa wa Nyasa wanaanikwa kwenye vichanja, jua linafanya kazi yote, hakuna jokofu wala kuni. Mbasa wa kuchoma ukimla pale ufukweni unaweza kusahau deni. Na bado, dukani hapohapo, hatua mia moja kutoka kwenye maji, kuna samaki wa kopo. Wa nchi za nje. Mtu anatoka kuvua, anapita dukani, ananunua samaki. Nilipomuona nilitaka kumwita yule mbuzi aje aone.

Ile Desemba bibi, anayeishi huko Mbamba Bay, alinituma dagaa. Akanipa kikapu chake, kasuka mwenyewe, mpini umeng'aa kwa miaka. Nikagoma. Kijana, kikapu, hadharani? Nikasema nitabeba kwenye mfuko. Bibi akaniangalia. "Mfuko gani, wa rambo? Unataka kufungwa?" Ana pointi: toka tarehe 1 Juni 2019 ule mfuko ni marufuku, ukikamatwa nao faini inaanzia elfu thelathini hadi laki mbili, au mpaka siku saba ndani. Dagaa wa elfu tatu, faini ya elfu thelathini. Nikabeba kikapu. Masela wa kijiweni wakanipigia miluzi mpaka forodhani. "Mama muuza! Nyanya shi' ngapi!"

Nikiwa natoka na dagaa zangu, akanisimamisha dada mmoja wa Dar. Pisi kali, miwani mikubwa kama vioo vya lori, amekuja kula bata ziwani.

"Samahani kaka. Hicho kikapu umekinunua wapi? Ni kizuri sana."

Miluzi ikakata ghafla.

"Hiki? Hiki ni cha kuagiza, dada. Vinatoka vichache."

"Unauza shi' ngapi?"

Nikamwambia ishirini. Tukaelewana kumi na tano. Dagaa nikawafunga kwenye fulana yangu, nikaenda kifua wazi, nanuka ziwa zima, lakini nina msimbazi na elfu tano mfukoni. Kijiweni hawakusema kitu. Mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kama bibi ana vingine.

Bibi alikuwa mlangoni. Akaangalia fulana. Akaangalia dagaa. Akaangalia mikono yangu.

"Kikapu?"

Nikajieleza. Nikamwambia biashara, bibi, mzunguko wa hela, nitakutafutia kingine. Hakunigombeza. Alikaa kwenye mkeka, akavuta majani yake, akaanza upya kusuka, taratibu, haangalii hata vidole.

"Kumi na tano alilipa?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi leta kumi na mbili. Tatu ni ya miguu yako. Na kesho usipite na hiki kipya kijiweni, pita kule kwenye nyumba za wageni. Ukianzia ishirini na tano."